Tupime Anachoweza Kufanya

Mjadala wetu wa kufuatilia maendeleo ya wanafunzi wa masomo ya mtandaoni umekwama kwenye kuhesabu. Nani kaingia kwenye mfumo, kafungua faili gani, kakaa dakika ngapi. Ripoti inatoka imejaa kijani, mkuu wa idara anaridhika, na hakuna anayeuliza mwanafunzi anaweza kufanya nini leo ambacho mwezi uliopita hakukiweza. Hilo linaniudhi, na ndilo lililozaa toleo hili la jarida letu.

Tuje Makongolosi, kilomita 39 za lami kutoka Chunya mjini. Kijana wa kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu anasubiri bando la usiku, anapakua somo zima, anazima data, kisha analisoma taratibu pamoja na wenzake wawili kwenye simu hiyo hiyo. Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha mtu mmoja aliyeingia kwa dakika chache, naye anatumiwa onyo la uzembe. Aliyeacha video ijiendeshe huku yeye akipika chai anahesabiwa amehudhuria.

Na somo lenyewe liwe kuchoma dhahabu kwa ritoti, chombo cha chuma kinachonasa mvuke wa zebaki na kuupitisha kwenye bomba, somo lenye uzito zaidi tangu Tanzania iridhie Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Kifuniko kikazwe kisivujishe mvuke. Mdomo wa bomba utolewe kwenye maji kabla moto haujazimwa, kwa sababu chombo kikianza kupoa huyavuta maji yarudi ndani ya chuma cha moto. Kisha kisifunguliwe mpaka kipoe kabisa. Swali la kuchagua jibu litapima kama mchomaji anaujua mfuatano huo. Halitatuambia kama ataufuata jioni, mwenye mzigo akiwa amemsimamia anataka dhahabu yake.

Kwa hiyo ramani ya ujuzi ianzie kwenye kazi, ichorwe pamoja na mafundi, ndipo tuamue mfumo urekodi nini. Sisi tunaanzia mwisho: tunaweka mfumo, tunaangalia unahesabu nini, kisha hicho ndicho tunachokiita umahiri. Moodle ina sehemu ya kupanga umahiri tangu toleo la 3.1 la mwaka 2016, lakini katika kozi nyingi ninazozipitia haijaguswa. Wala mfano hauko mbali. VSOMO, iliyoanzishwa na VETA na Airtel mwaka huo huo, iliweka nadharia kwenye simu na kuacha vitendo vifanyikie karakana ya chuo. Tena VETA hurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, na mtathmini humtazama mtu akifanya kazi. Mtathmini huyo, na orodha yake ya vitendo mkononi, anajua mengi kuliko grafu yoyote. Basi orodha hiyo iingie kwenye mfumo, video fupi ya simu ipokelewe kama ushahidi, na fundi mzoefu wa Makongolosi apewe mamlaka ya kuthibitisha hatua moja moja.

Ndiyo maana makala ya kwanza, inayohusu daftari la mafunzo kazini, nimeipa kurasa nyingi kuliko desturi yetu. Isomeni pamoja na ile ya Iringa kuhusu MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini: walimu wanaijadili moduli katika jumuiya yao ya kujifunza, wanabishana, wanabadili andalio la somo, na mfumo hauoni lolote kati ya hayo. Uchambuzi wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ni mfupi na ulihitajika mapema. Makala ya kubashiri kwa kompyuta nani ataacha masomo imeandikwa kwa umakini, lakini sikubaliani nayo, kwani haimtofautishi aliyekata tamaa na aliyeishiwa bando.

Kwa toleo lijalo, naviomba vyuo vya Mbeya na Iringa vitutumie orodha za vitendo vinazozitumia karakanani, hata zilizoandikwa kwa mkono. Tutazichapa kama zilivyo, mafundi wazikosoe.