Bwawa Tupu kwa Watu Wenye Kiu

Mvua inayonyesha Wusi haikai Wusi. Wadi ya Wusi/Kishamba iko upande wa Mwatate wa Milima ya Taita, milima inayopanda hadi mita 2,208 kwenye kilele cha Vuria. Voi, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka Mwatate, iko takriban mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ya mwaka ni kama nusu ya ile ya milimani. Ndiyo maana wakati wa vuli mtu wa bondeni anaweza kutazama mbingu isiyo na wingu huku korongo la nyuma ya nyumba yake likinguruma.

Kila mafuriko yanapopita, shauri linalozuka barazani ni lile lile: lijengwe bwawa dogo la udongo huko juu, liyapokee maji kabla hayajafika barabarani, sokoni na majumbani. Halihitaji saruji nyingi. Udongo unachimbwa pale pale, tingatinga linafanya kazi majuma machache, na mwakilishi wadi anapata kitu cha kuonyesha. Shauri hilo si baya. Lakini lina mtego, nao umo ndani ya neno bwawa lenyewe.

Kwa mfugaji au mkulima wa nyanda kavu kati ya Mwatate na Voi, bwawa ni silanga: maji ya ng'ombe, ya nyanya na ya kufulia, yaliyowekwa akiba hadi mvua nyingine. Bwawa zuri ni lililojaa. Kwa mhandisi wa mafuriko mambo ni kinyume. Chombo chake hufaa kikiwa kitupu, kwa sababu kinachozuia mafuriko ni nafasi iliyobaki ndani yake. Silanga lililofurika hadi ukingoni mwezi wa Novemba karibu halipunguzi chochote. Maji yote yanayoingia yanatafuta pa kutokea, na sasa yamelundikana nyuma ya tuta la udongo.

Bwawa la kuzuia mafuriko likijengwa juu ya watu wenye kiu, kitakachofuata hakihitaji mpiga ramli. Mwaka wa kwanza bomba la chini linaachwa wazi. Kiangazi kinafika, mifugo inakonda, na maji yanazidi kuponyoka kuelekea Tsavo. Usiku mmoja mtu anaziba bomba kwa gunia la mchanga, na kesho yake kijiji kizima kinamshukuru. Hakuna aliyefanya ubaya. Ila kazi ya bwawa imebadilika, na tuta halikujengwa kwa kazi hiyo mpya.

Jambo kama hilo liliwahi kuua watu 2,209 kwa siku moja. Bwawa la udongo la South Fork, Pennsylvania, Marekani, lilijengwa kwa ajili ya kulisha mfereji wa usafiri. Baadaye likawa mali ya klabu ya matajiri waliotaka ziwa la kuvulia samaki. Mabomba ya chini yalikuwa yameondolewa na hayakurudishwa, kimo cha tuta kilipunguzwa ili magari ya farasi yapite juu yake, na wavu ukawekwa kwenye mkondo wa kutorosha maji ya ziada ili samaki wasiponyoke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha, takataka zikaziba wavu, maji yakapita juu ya tuta na kulikata. Mji wa Johnstown ulikuwa bondeni.

Jimbo jirani la Ohio lilipata funzo lake mwaka 1913, mafuriko yalipoua mamia ya watu Dayton na miji ya karibu. Wahandisi walijenga mabwawa matano ya udongo, yakakamilika 1922, na hadi leo yanafanya kazi. Matundu ya chini hayana milango. Siku za kawaida mto hupita chini ya tuta kama kwamba halipo, na ardhi iliyo nyuma yake hulimwa. Mafuriko yakija, maji yasiyoweza kupenya tunduni kwa haraka husubiri zamu yake, kisha bwawa hujikausha lenyewe. Mlango usiokuwepo hauwezi kufungwa na mtu, hata mwenye nia njema.

Kwa nchi ya Taita, basi, swali la kwanza halifai kuwa la mahali pa kujenga. Linapaswa kuwa la kazi: tuta hili ni la kuzuia mafuriko au la kuweka akiba? Zote mbili zinahitajika, lakini ni salama zaidi zikitenganishwa. La mafuriko likae wazi korongoni, na silanga la akiba lichimbwe kando ya mkondo, likinywa maji kidogo kidogo kwa mfereji. Wapare, majirani wa Wataita ng'ambo ya mpaka, wana mazoea yanayokaribia hayo. Ndiva zao za udongo hujazwa usiku na kufunguliwa asubuhi zimwagilie mashamba, na watumiaji wenyewe huzoa matope kwa pamoja. Hapo kuliacha bwawa likiwa tupu ni desturi ya kila siku, na kila mwenye shamba anajua faida yake.

Swali la pili ni la matunzo, na hapa ndipo mabwawa mengi madogo yanapoangukia. Tuta la udongo huvunjika kwa njia mbili kuu: maji kulipita juu, au maji kupenya ndani yake na kubeba chembe za udongo hadi pawe na shimo. Njia zote mbili huanza na mambo madogo. Mchwa huchimba. Mizizi ya mti uliooteshwa kwa ajili ya kivuli hufa na kuacha mwanya. Ng'ombe, na katika kaunti ambayo sehemu yake kubwa ni hifadhi ya Tsavo hata ndovu, hukanyaga ukingo mpaka ukabonyea, na pale palipobonyea ndipo maji yatakapopitia kwanza. Mashapo nayo hula nafasi. Bwawa la Aruba, lililojengwa 1952 kwenye Mto Voi ndani ya Tsavo Mashariki, limejaa matope kiasi kwamba miaka ya ukame hukauka. Bwawa la mafuriko lililojaa mashapo ni tuta lenye sura ya ulinzi tu.

Derna, Libya, ilikuwa na mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 mahususi kuukinga mji na mafuriko. Mwaka 2022 mtafiti mmoja wa Libya aliandika kwamba yanahitaji matengenezo ya haraka. Septemba 2023 yakapasuka kwa usiku mmoja, na maelfu wakafa.

Kenya ina kidonda chake. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la udongo katika shamba la kahawa huko Solai, Nakuru, lilipasuka na kuua watu 48. Sheria ya Maji ya 2016 ilikuwepo, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji pia. Kanuni za maji za 2007 ziliyagawa mabwawa katika madaraja matatu, na kimo, ujazo na ukubwa wa eneo linaloleta maji ndivyo vilivyokuwa vipimo. Tuta lisilofika mita 5, lenye maji chini ya mita za ujazo 100,000, lilihesabiwa kuwa la hatari ndogo. Lakini mita za ujazo 90,000 ni tani 90,000 za maji. Kwenye mbuga tambarare zitasambaa. Katika korongo la Taita, zikiporomoka kuelekea barabara na soko, hilo daraja halimsaidii mtu aliyelala chini yake.

Aprili 2024 ilionyesha kwamba hata kisichoitwa bwawa chaweza kuwa bwawa. Karibu na Mai Mahiu kalvati chini ya tuta la reli liliziba, maji yakajikusanya, kisha tuta likaachia na makumi ya watu wakafa. Siku chache baadaye serikali iliwapa watu wanaoishi karibu na mabwawa na mabirika 178 saa 24 za kuhama. Voi na Mwatate zina matuta ya reli na barabara pia, na makalvati yake yanastahili kukaguliwa kabla ya vuli sawa na bwawa lolote.

Bwawa dogo juu ya Mwatate laweza kuwa msaada mkubwa, na kulikataa kwa sababu ya Solai ni kuwaacha watu wa bondeni na mafuriko yale yale. Ila bajeti ya kaunti inayolipa tingatinga ilipe pia, mwaka hadi mwaka, mshahara wa mlinzi mmoja anayeishi karibu: mwenye panga la kufyeka vichaka, daftari la kuandika kimo cha maji, na namba za simu za wakazi wa chini. Na mkutano wa kuchagua eneo uwakalishe pamoja wafugaji na watu wa bondeni, wakubaliane hadharani nani atakayelilinda tundu la chini lisizibwe, mwezi wa Februari, ng'ombe wakianza kulia.