Mwana Msomi na Tope la Ziwani

Mzee mmoja alinijia juzi jioni, uso umekunjamana. Mwanawe amemaliza chuo kikuu hapa Bukavu, naye angoja kuanza shahada ya pili. Miezi hii ya kungoja haitumii ofisini, bali ukingoni mwa ziwa Kivu, akitoa chupa za plastiki majini na kupanda matete, bila mshahara. “Mwalimu,” akaniambia, “niliuza ng’ombe ili mtoto awe mzoa taka?”

Sikumcheka. Ng’ombe ni ng’ombe. Nilimwomba tu tushuke pamoja hadi Ruzizi.

Mji wetu umekaa juu ya vilima. Mvua inyeshapo huchukua udongo wa miteremko isiyo na miti, pamoja na takataka za mitaro, ikavimwaga ziwani. Nalo ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, yaani mto Ruzizi uendao Tanganyika. Basi plastiki hukusanyika penye bwawa la Ruzizi ya Kwanza, lililojengwa miaka ya 1950, zikaisumbua mitambo, na taa za nyumbani zikazimika. Zamani matete na mafunjo yalishika udongo wa ukingo, na samaki wachanga wakajificha humo. Sisi tuliyafyeka tupate viwanja.

Kijana alituonyesha mstari wa matete aliyoyapanda kwanza: yote yamekufa. Mzee akaguna. Lakini hapo ndipo nilipompenda yule kijana, kwa maana alikuwa amepima kina cha maji na nguvu za mawimbi, akitafuta sababu. Katika pwani nyingi za bahari mikoko imekufa vivyo hivyo, kwa kuwa wapandaji walihesabu miche, wala hawakuuliza maji hukaa hapo saa ngapi. Kumbe Gazi, pwani ya Kenya, wanakijiji walianza mwaka 2013 kutunza hekta 117 za mikoko, wakapata fedha za kuleta maji na kusaidia shule.

Swali la matete yaliyokufa ndilo atakalolipeleka chuoni. Wenzake wengi hufika huko bila swali lolote.

“Na chakula?” akauliza mzee. Neno la haki. Tulipatana hivi: asubuhi ziwani, alasiri afundishe watoto hesabu kwa malipo. Mzee alipanda kilima akinung’unika, ila kiatu cha mwanawe kilichokatika alikibeba yeye, akisema fundi wake hachelewi.