Dai Ulilolifuta Bado Limo Kwenye Faili

Ada ya bima ya nyumba yangu imepanda mwaka huu kutoka shilingi 17,100 hadi shilingi 21,300, na kampuni hiyo haijawahi kunilipa hata ndururu tangu nianze kuipelekea pesa. Nilipompigia ajenti, kijana wa hapa hapa mtaani aliyesoma na mdogo wangu, alinijibu kwa upole: "Kaka, si una lile dai la mvua?" Nikamwambia lile dai nililifuta. Akacheka kidogo. "Ulilifuta wewe. Kwenye kompyuta bado liko."

Kisa chenyewe ni kidogo. Masika haya upepo wa usiku uliinua bati moja kwenye kipaa, maji yakashuka juu ya dari ya sebule, jipsamu ikavimba na kuanguka kipande. Asubuhi nikawapigia simu, kwa sababu mkataba unasema hasara iripotiwe mapema. Nikapewa nambari ya dai, na siku ya pili akaja asesa, akapiga picha na kuniambia nilete makadirio ya fundi. Fundi akasema shilingi 14,500, vifaa na kazi. Hapo ndipo niliposoma yale maandishi madogo: katika kila hasara, shilingi 10,000 za kwanza ni zangu, au asilimia 10 ya dai, ile iliyo kubwa. Watu wa bima wanaiita eksesi. Kwa hivyo baada ya fomu na safari za ofisini ningelipwa shilingi 4,500. Nikawatumia ujumbe kwamba ninaliondoa dai, nikamlipa fundi mfukoni, nikasema alhamdulillahi yamekwisha.

Sasa angalia hesabu. Nimeacha shilingi 4,500 na nyongeza ya ada ni shilingi 4,200. Mwakani ikibaki hivyo hivyo, nitakuwa nimetoa shilingi 8,400 kwa sababu ya pesa ambazo sikuzichukua.

Nilipolitaja jambo hili barazani baada ya Isha, wawili walisema nao yamewapata. Mmoja nyumba yake imegharimiwa na benki, hatimiliki iko kwao, na kila mwaka lazima apeleke karatasi ya bima. Mimi naweza kukasirika nikaihama kampuni, au hata nikakaa bila bima. Yeye hana njia hiyo. Akipandishiwa atalipa.

Nimekaa na watu wawili watatu wanaofanya kazi hii wanieleze mambo yanavyokwenda, na kwa haki nitasema hoja yao. Kampuni inapopanga ada haiangalii tu ilikulipa kiasi gani. Inajiuliza kuna uwezekano gani nyumba hii itapata hasara tena. Paa lililovuja mara moja linaweza kuvuja tena, awe mwenyewe amelipwa au hakulipwa. Kwao, simu yangu ya asubuhi ile ilikuwa ni habari kuhusu paa langu, na kuliondoa dai hakukuifuta habari. Pia asesa hakuja bure. Kampuni ilimlipa, na gharama hiyo imeandikwa kwenye faili langu. Tena ada hupanda kwa sababu nyingine zisizohusu dai: thamani ya nyumba ikiongezwa kwa kuwa saruji na mabati yamepanda, au kampuni kuupandishia mtaa mzima baada ya mafuriko. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilitujaza maji, na hakuna kampuni iliyosahau.

Hayo nayaelewa. Lakini kuna jambo la pili ambalo wateja wengi hatulijui, na hapa ndipo penye dhuluma. Dai likifunguliwa, kampuni hutenga pesa za kulilipa, kwa makisio, hata kabla fundi hajatoa bei. Dai likiondolewa, mtu anatakiwa aingie kwenye kompyuta, alifunge, na zile pesa zilizotengwa azirudishe sifuri. Asipofanya hivyo, anayepanga ada mwishoni mwa mwaka anaona nyumba yenye dai lililo wazi na makumi ya maelfu yanayosubiri kulipwa. Yeye hajui habari za ujumbe wako wa simu. Kwangu ilikuwa hivyo hasa. Nilipoandika barua nikaomba historia ya faili langu, dai lilikuwa bado wazi, na mbele yake shilingi 60,000. Elfu sitini, kwa jipsamu ya 14,500!

Wenzetu wenye jamaa Uingereza au Marekani watawaambia kuwa huko mambo ni makali zaidi. Uingereza kampuni za bima zina hifadhi ya pamoja, Claims and Underwriting Exchange, tangu 1994, na tukio uliloliripoti laweza kuingizwa humo hata kama hukudai chochote. Ukihamia kampuni nyingine, linakungoja huko. Marekani kuna ripoti iitwayo CLUE yenye kumbukumbu za hadi miaka 7. Lakini huko mwananchi ana haki ya kuomba nakala ya ripoti hiyo bila malipo mara moja kwa mwaka na kupinga kilichokosewa. Sisi nasi tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayokupa haki ya kuona taarifa zako zinazoshikwa na kampuni na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Sijaona ajenti hata mmoja anayewaambia wateja wake hivyo.

Kuna watakaosema dawa ni kunyamaza: hasara isiripotiwe, na ukiulizwa na kampuni mpya useme hujawahi kudai. La. Kwanza huo ni uongo, na sisi tunajua uongo ni nini. Pili utakuangamiza. Mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli wa mwenye kuomba, na kampuni ikigundua ulificha jambo, siku nyumba imeteketea itatafuta karatasi hiyo kabla ya kutafuta hundi. Soma swali lenyewe kwenye fomu. Kuna fomu zinazouliza "umewahi kudai?" na nyingine zinauliza "umewahi kupata hasara?" Hayo ni maswali mawili. La pili linataka uitaje hata hasara uliyoitengeneza kwa pesa zako. Andika kwamba dai liliondolewa, halikulipwa, na paa limetengenezwa, kisha ambatisha risiti ya fundi. Risiti hiyo ina maana kwao, kwa sababu inajibu lile swali la paa kuvuja tena.

Wengine wataniuliza, na takaful je? Kampuni ya kwanza ya takaful hapa Kenya ilianza 2011, na mimi ni katika wanaoamini ndiyo njia iliyo salama kwa dini yetu. Lakini tusidanganyane. Huko pia hatari ya nyumba hupimwa na mchango hubadilika. Kilichoko ni kwamba ziada ya mfuko inaweza kurudishwa kwa wachangiaji, na pengine aliyedai hapati fungu. Basi aliyeondoa dai anahesabiwa vipi hapo? Uliza kabla ya kutia sahihi.

Kwa hasara ndogo, ningeijua eksesi yangu tangu mwanzo, ningemwita fundi kwanza asubuhi ile ile, nikapiga picha, nikapata bei, ndipo nikaamua siku hiyo hiyo. Hasara kubwa, au bati lililoruka likamjeruhi jirani, hilo ni la kuripoti mara moja bila kupiga hesabu. Na ukimuuliza ajenti, kumbuka kuwa ajenti ni mtu wa kampuni. Ukimwambia yeye, huenda umeiambia kampuni. Dalali wa bima ndiye anayesimama upande wako. Ukiliondoa dai, usitume ujumbe wa simu kama nilivyofanya. Andika barua, kisha udai jibu la maandishi kwamba limefungwa bila malipo na kilichotengwa kimerudi sifuri.

Kwa wakubwa wa Mamlaka ya Kusimamia Bima nina ombi moja. Katiba, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya habari anazohitaji ili afaidike na huduma anayoilipia. Karatasi ya kuhuisha bima niliyoletewa ina tarakimu moja na tarehe ya mwisho. Kampuni ziamrishwe kuandika humo kilichopandisha ada, na kama ni dai, ni dai lipi na limefungwa au liko wazi. Mistari miwili tu ingetosha.

Barua yangu ya kwanza ilifanya zile 60,000 ziondolewe, na ada ikashuka hadi shilingi 19,400. Shilingi 2,300 zilizobaki wanasema ni za paa. Nimewapelekea picha za kipaa kipya na risiti ya fundi, na bima yangu inakwisha Ijumaa ijayo.