Njaa ya vijana haiko sinyatire: juu ya petroli, telefone na jina letu



Kila mara wakubwa wa inchi hii wanataka kuuza kitu cha chini ya udongo wetu, wanatutafuta sisi vijana. Hawatutafuti ili watuulize kitu. Wanatutafuta ili wataje jina letu: "Ni juu ya vijana wenye kukosa kazi." Kiisha wanatia sinyatire, na sisi tunabaki palepale, na diploma zetu ndani ya plastiki.

Mimi niko mumoja wa hao wanaotajwa. Nimemaliza iniversite, sina kazi. Nimepeleka barua za kuomba kazi hadi nimeacha kuzihesabu. Kwa hiyo wakitumia jina langu, niko na haki ya kujibu. Jibu langu ni hili: njaa yangu haiko sinyatire. Hakuna mutu aliyepewa ruhusa ya kuitia chini ya kontra ambayo sijaisoma.

Siku hizi kuna mabishano mawili, tunayasikia kwa redio, kwa WhatsApp, hata ndani ya taxi. La kwanza ni la petroli: tuchimbe ao tuache? La pili ni la masosiete makubwa ya telefone na ya gari za umeme: wanunue madini yetu ao wasinunue? Watu wanayaona kama mambo mawili. Mimi nasema ni jambo moja, na pande zote zinazopigana zinaruka swali lenyewe.

Tuanze na petroli.

Tarehe 28 mwezi wa saba 2022, kule Kinshasa, serikali iliweka sokoni bloku 27 za petroli na 3 za gesi. Zingine zilikuwa zinaingia ndani ya Parki ya Virunga. Mwezi wa kumi 2024 waziri akafuta soko la zile bloku 27. Tulifikiri wamejifunza. Mwaka wa 2025 serikali ikafungua bloku 52 zingine, katika pori kubwa la katikati ya inchi. Na mwaka uleule walikuwa wametangaza "Couloir Vert", njia ya kijani ya kulinda pori toka Kivu hadi Kinshasa. Mukono mumoja unapanda, mukono mwingine unangoa. Nani alikuja kuuliza wanakijiji wa kule? Wengi walisikia kwa redio kama sisi.

Wenye kusema "tuchimbe" wako na neno lenye uzito, tusiwacheke. Marekani njo inatoa petroli mingi kupita inchi zote za dunia. Mwezi wa kumi 2022 John Kerry alifika Kinshasa kuomba Kongo iondoe bloku zingine juu ya hali ya hewa. Mwezi wa tatu 2023 serikali yake yeye mwenyewe ikakubali mupango mukubwa wa petroli wa Willow, kule Alaska. Vita ya Ukraine ilipoanza, Kansela wa Ujerumani Olaf Scholz hakukawia: mwezi wa tano 2022 alikuwa Senegal, anaongea juu ya gesi. Na hapa karibu, ngambo ya Ziwa Albert, Uganda iko na TotalEnergies na CNOOC, na bomba la kilometa 1 443 la kupeleka petroli hadi Tanga. Sisi peke yetu njo tunaambiwa tukae tumbo wazi tukilinda pori la dunia yote. Hasira hiyo ni ya haki, na mimi pia niko nayo.

Lakini ndugu, unafiki wa muzungu haulipi mushahara wangu. Unaonyesha tu kama yeye ni munafiki. Hauonyeshi kama petroli italisha watoto wa Vitshumbi.

Tena hatuna lazima ya kukisia. Tuko na Muanda. Kule Kongo Central petroli inatoka tangu miaka ya 1970. Sosiete ya Perenco iko pale tangu mwaka wa 2000. Karibu petroli yote ya Kongo inatoka pale. Basi, kama petroli ni dawa ya umasikini, Muanda ingekuwa imepona zamani. Tafuta mutu wa Muanda, umuulize juu ya barabara, maji, umeme, kazi ya vijana. Muulize juu ya ile gesi inayowaka moto karibu na mashamba ya watu. Mwaka wa 2022 mashirika mawili ya Ufaransa, Sherpa na Les Amis de la Terre, yalipeleka Perenco mbele ya mahakama juu ya uharibifu wa udongo na maji ya kule. Perenco inakataa. Sawa, mahakama itasema. Lakini miaka karibu 50 imepita, na Muanda bado inangoja ile kazi wanayotuahidi leo sisi wa huku.

Na tuseme ukweli juu ya hiyo kazi. Petroli haiko kama shamba ao soko. Watu wengi wanahitajiwa wakati wa kukata barabara na kujenga. Bomba likiisha kulala chini, wanabaki mafundi wachache na walinzi kwenye mulango. Lakini Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma wanaishi na samaki wa Ziwa Edouard leo, si kesho: muvuvi, mama mwenye kukausha, mwenye moto anayepeleka, mama mwenye kuuza kwa soko. Na maji ya ziwa lile hayakai pale. Yanashuka kwa muto Semliki, yanaingia Ziwa Albert, yanaendelea hadi Nil. Petroli ikimwagika, haitauliza pasiporo.

Tunalijua hilo juu ya SOCO. Sosiete hiyo ya Uingereza ilipata bloku ya Ziwa Edouard, ndani ya parki iliyoanzishwa mwaka wa 1925 na ambayo UNESCO imeiweka tangu 1979 kati ya mali ya dunia yote. Wavuvi walisimama, wanainchi walisimama, mashirika ya inje yakasaidia kupaza sauti. Mwaka wa 2014 SOCO ikakubali kuacha. Wanainchi wakisimama, inawezekana. Wenye kusema kama kila kitu kinaamuliwa juu mbinguni na Kinshasa, wakumbuke hiyo.

Sasa tugeuke upande wa pili. Huku tunakutana na watu wa maneno matamu: "Petroli ni mambo ya zamani, wakati unaokuja ni wa betri, na Kongo njo mama wa betri." Kweli, kobalti zaidi ya nusu ya dunia yote inatoka Katanga. Lakini desturi ni ileile. Shimo liko kwetu, faida iko kwao, na katikati kuna munyororo murefu wa watu ambao hakuna anayemujua mwenzake.

Munyororo huo hauko bahati mubaya. Unasaidia. Mwaka wa 2019, familia za watoto waliokufa ao kuvunjika katika mashimo ya kobalti zilishitaki Apple, Google, Microsoft, Dell na Tesla kule Marekani. Mwezi wa tatu 2024 mahakama ya rufani ya Washington ikakataa: kununua tu katika soko la dunia, haiko kushirikiana na wenye kutumikisha watoto. Usome hayo maneno pole pole. Maana yake: kama munyororo ni murefu ya kutosha, mikono ni safi. Mutoto amezikwa, telefone inalia, na hakuna hata mutu mumoja wa kujibu.

Hapa pia kuna wenye kubishana. Wengine wanasema: "Basi wasinunue kabisa, madini yetu ni ya damu." Hiyo tulishaiona. Mwaka wa 2010 Marekani walitunga sheria ambayo sisi huku tuliiita "sheria ya Obama." Mwezi wa tisa mwaka uleule Raisi Kabila akafunga machimbo ya Kivu zote mbili na Maniema, hadi mwezi wa tatu 2011. Wenye silaha hawakurudi kulima. Wachimbaji njo walirudi nyumbani bila kitu, na watoto wao wakafukuzwa masomo. Baadaye wakaleta alama za plastiki za kufunga kwenye mifuko. Lakini plastiki haina macho. Haioni mufuko ulitoka shimo gani wala ulivuka mupaka gani usiku.

Tangu mwezi wa ine 2024 Rubaya iko mukononi mwa M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kama M23 inapata pale dola karibu 800 000 kila mwezi, kodi ya koltani tu. Mwaka huohuo Apple ikaambia wenye kuiuzia vitu waache kuchukua madini ya koltani, ya bati, ya wolframu na zahabu ya Kongo na ya Rwanda. Mwezi wa kumi na mbili Kongo ikapeleka mashitaka juu ya matawi ya Apple kule Paris na Bruxelles. Apple inakataa mashitaka hayo. Wakati huo kuna wenzetu waliopiga mikono: "Wameondoka, tumeshinda!"

Tumeshinda nini? Kuondoka hakuko kulipa. Mutu amekula kwako miaka 20, siku nyumba inawaka moto anasema: "Mimi sili tena hapa, mimi niko musafi." Na sahani alizokula? Atakayekaa katika moshi ni muchimbaji wa Rubaya, ambaye atauzia mutu mwingine, kwa bei ndogo zaidi, kwa njia ya giza zaidi.

Munaona sasa kama ni jambo moja? Mwenye petroli anasema: "Nitawapa kazi, musiniulize kontra." Mwenye telefone anasema: "Madini yangu ni safi, musiniulize njia." Mwenye kulinda pori toka Ulaya anasema: "Acheni yote, musiniulize mutakula nini." Wote watatu wanatuambia tusiulize. Na swali ni moja: nani anatia sinyatire, nani anaiona, na feza inaanguka mufuko gani?

Tusiseme kama Kongo haina nguvu. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kutoa kobalti inje. Toka mwezi wa kumi ikaweka kipimo kwa kila sosiete. Mbele mwaka uishe, bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili. Inchi za petroli zilijifunza hiyo zamani: mwaka wa 1960, kule Baghdad, Irani, Iraki, Kuweiti, Saudia na Venezuela walikaa pamoja wakaanzisha OPEC, juu walichoka masosiete ya kizungu kuwapangia bei. Hiyo ni akili nzuri, na tunaikubali.

Lakini bei kupanda haiko haki. Nigeria iko ndani ya OPEC tangu 1971. Tarehe 10 mwezi wa kumi na moja 1995 serikali ya Nigeria yenyewe ilinyonga Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane, watu waliokuwa wanadai udongo wa Ogoni usiharibiwe na petroli. Hawakunyongwa na muzungu. Walinyongwa na Leta yao, ili feza iendelee kuingia. Kwa hiyo mutu akitupigia kelele ya "uhuru wa inchi juu ya mali yake," tumuulize pale pale: uhuru wa inchi ao wa biro yako?

Basi, haya njo tunayodai, na kila kijana anaweza kuyabeba:

1. Kontra zote wazi. Amri ya Waziri wa Kwanza ya mwezi wa tano 2011 inasema kontra za mali ya asili zitangazwe. Hatuombi zawadi, tunaomba sheria. Na zielezwe kwa luga wanainchi wanaelewa, si Kifaransa cha avoka peke yake.

2. Virunga na Ziwa Edouard zitoke kabisa katika kila orodha ya bloku, leo na kesho. Na kwingine kote, wanakijiji waulizwe mbele ya sinyatire, si nyuma yake. Wakisema hapana, iwe hapana.

3. Masosiete ya telefone na ya gari yasikimbie. Yataje kila shimo na kila kiwanda cha kuyeyusha yanakonunua, na yalipe wale waliovunjika juu ya madini yao.

4. Kodi ya madini ionekane. Kanuni ya madini ya mwaka wa 2018 inatoa sehemu 15 kwa 100 za ile kodi ya "redevance" kwa komini, sekteri na sheferi ya mahali pa kuchimba, na sehemu 10 kwa mufuko wa vizazi vinavyokuja. Vizazi hivyo njo sisi. Mahali ambapo ofisi za Leta zingali zinafanya kazi, wewe kijana unayesoma hapa, jikusanyeni watu kumi, mwende kwa burgumesitre ao kwa shefu, muulize kwa heshima: zile 15 ziko wapi? Muandike jibu. Akikosa jibu, muandike hiyo pia, na muiweke mahali watu wote watasoma.

Na mbele ya wakubwa wote wenye kusema kwa jina la vijana, tunasema hivi: ukitaka kututaja, tuite kwanza. Tutakuja na kalamu zetu. Kusoma tunajua. Njo kitu kimoja ile diploma ilitupatia.