Tusifiche Kosa la Sifuri

Liko jambo lililotugawa sisi wa chama cha sayansi tangu muhula uliopita.

Mnaijua mizani ya mwuza nyama. Kabla nyama haijawekwa, mshale sharti usimame penye sifuri. La sivyo mnunuzi hulipia nyama asiyoila. Amplifaya ya tofauti nayo ni hivyo. Kazi yake ni kukuza tofauti ya volti baina ya milango yake miwili. Volti zikiwa sawa, jibu liwe sifuri. Lakini transista mbili za mlangoni hazitoki kiwandani zikiwa pacha kamili, na hapo huzaliwa volti ndogo ambayo hakuna aliyeileta.

Sisi tuliijenga yetu kwa chipu ya 741, iliyoanza kuuzwa 1968, ili tupime joto la tanuri ya mikate kwa themokapo ya aina ya K. Themokapo hiyo hutoa maikrovolti 41 hivi kwa kila digrii. Tulikuza mara 100. Tukatia ncha zote mbili katika maji ya birika moja, tukitazamia sifuri, na voltimita ikaonyesha milivolti 200. Hesabu mwenyewe: ni karibu digrii 49 zisizokuwapo!

Wenzangu wengi walisema, "Andika 200 daftarini, kisha uitoe kila mara." Nakubali ni rahisi, na kwa saa moja yaweza kufaa. Lakini kosa hilo hubadilika chipu ipatapo joto. Katika 741 laweza kufikia maikrovolti 15 kwa digrii moja. Chumba chetu cha bati, toka saa moja asubuhi hata saa nane mchana, hupanda digrii 10 bila taabu, na namba ya asubuhi hutudanganya kwa karibu digrii 4. Tena atakayekuza mara 1,000 kwa betri mbili za volti 9 ataona kosa la milivolti 5 limekwisha kula volti 5 kabla hajapima kitu. Nafasi hiyo hairudishwi kwa kalamu.

Mmoja akaleta kapasita. Kweli huzuia kosa, lakini huzuia pia habari ya joto tunayoitaka, kwa kuwa nayo ni volti iliyotulia. Dawa hiyo ni ya redio, si ya tanuri.

Mimi nasema tulisahihishe palepale linapozaliwa. Chipu yenyewe imepewa miguu ya 1 na 5 kwa kazi hii: hufungwa rezista ya kugeuza ya kilo-omu 10, mguu wake wa kati ukienda kwenye hasi. Unganisha milango yote miwili na ardhi, ngoja robo saa ipate joto, ndipo ugeuze taratibu kwa bisibisi. Ila kabla ya bisibisi, pima rezista za pande zote mbili. Zisipolingana, volti iliyo sawa milangoni itapita kama tofauti, na bisibisi itakuwa imeficha ugonjwa mwingine.

Najua kwamba mchana lazima kugeuza tena. Mwenye fedha na anunue OP07, ambayo kosa lake halizidi milivolti 0.15 chumba kikiwa na digrii 25. Sisi tusio nazo tugeuze.

Wanaobisha waje Jumamosi saa nane mchana, na daftari lao.