Shimoni hakuna anayeshuka peke yake. Darasani je?

Kila mwanzo wa mwezi wa saba, siku ya proklamasio, wazazi wanajaa kwenye kiwanja cha shule. Direkta anasoma majina. Mtoto aliyepita anamwagiwa pudre kichwani, mama anapiga vigelegele, baba anatafuta Fanta. Lakini kuna wale ambao majina yao hayasomwi. Hao wanapita nyuma ya madarasa, wanarudi nyumbani kwa njia ya pori.

Akirudia darasa mara ya kwanza, tunasema: "Ni michezo tu, mwaka kesho atapita." Akirudia mara ya pili, tunasema: "Uyu masomo haimupende." Mwezi wa kenda unafika, wenzake wanavaa bulu na nyeupe, yeye yuko kandokando ya shimo, anabeba mifuko ya mchanga.

Kila mtu Bendera anajua hadithi hii. Kisha tunalaumu shimo. Ni kweli, sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inaruhusu uchimbaji wa mikono kwa mtu mzima tu, na sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inakataza kazi za hatari. Lakini tuseme ukweli: watoto wengi, shimo halikuwanyang'anya shule. Shule iliwaacha kwanza.

Iliwaacha namna gani? Tangu 2019, wakati serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi ya bure, mabenchi yamejaa. Hilo ni jambo jema, na Katiba yetu ilikuwa imeliahidi tangu 2006. Lakini mwalimu amebaki mmoja, na ubao mmoja. Anaona kabisa kwamba mtoto wa nyuma kule hasomi, anaimba tu pamoja na wengine. Afanye nini? Akimshughulikia, wengine wanalala. Akimwambia inspekta, anaogopa kuitwa mwalimu mbaya. Basi ananyamaza, anaendelea na programu. Benki ya Dunia ilihesabu kwamba katika Kongo, watoto 97 juu ya 100 wenye miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi rahisi. Kwa hiyo yule wa nyuma hayuko peke yake. Aliye peke yake ni mwalimu.

Ninyi wa kazi ya shimo mnaelewa jambo hili kuliko sisi wa kalamu. Hakuna anayeshuka peke yake. Mmoja anachimba, mwingine anabeba, mwingine anashika kamba juu. Aliye chini akisema pumzi imekuwa kidogo, wa juu hawasemi: "Uyu ni muvivu." Wanavuta kamba.

Mafunzo tunayoyataka kwa walimu wetu ni hayo tu: kujifunza kuvuta kamba pamoja. Nafasi ya kuyafanyia iko tayari. Walimu wanajua ile mikutano ya unite pedagojike, ambapo mmoja anafundisha somo la mfano na wengine wanamsahihisha. Ni vizuri. Lakini hebu siku moja walimu wasilete somo, walete jina. Nani hasomi? Tangu lini? Ni nini anachoweza tayari? Mwalimu wa mwaka wa pili atakumbuka kwamba mtoto huyu alikuwa anasoma vizuri kwa Kiswahili, akapotea Kifaransa kilipokuwa kingi. Mwingine atasema sikio lake moja halisikii, akae mbele. Mwingine anajua kwamba familia ilikimbia vita vya Watwa na Waluba, na mtoto alikosa shule miaka miwili. Kisha wanakubaliana: jambo moja, kwa majuma matatu, na nani atafanya nini. Majuma matatu yakiisha, wanarudi kuangalia kama limesaidia. Lisiposaidia, wanabadilisha. Kurudisha mtoto mwaka mzima kwa mwalimu yuleyule, somo lilelile, hakubadilishi kitu.

Wala si ndoto za watu wa mbali. Jirani zetu wa Zambia, kule kusini ya ziwa letu, walianza 2016 katika shule 80 mpango unaoitwa Catch Up. Kila siku ya masomo, kwa muda mfupi, walimu wanachanganya watoto wa mwaka wa tatu, wa nne na wa tano, wanawagawanya kufuatana na kile kila mmoja anachoweza kusoma, si kufuatana na darasa lake. Kazi hiyo mwalimu mmoja haiwezi. Inahitaji shule nzima.

Tunajua jibu la walimu: "Mushahara haitoshi, munatuongezea tena kazi." Wana haki. Mafunzo hayachukui nafasi ya mshahara, na anayelipwa vibaya asidanganywe na semina. Lakini mzigo unaobebwa na watu watano ni mwepesi kuliko wa mmoja. Tena, yasiwe mafunzo ya kumwita mwalimu mmoja Kalemie siku tatu, kumpa brevet, na kumrudisha kwa barabara ya matope akute wenzake hawajui kitu. Mkufunzi aje Bendera, akae na direkta na walimu wote, juu ya watoto wao wenyewe, na arudi tena.

Na sisi wazazi? Sisi pia tuko kwenye kamba. Mtoto akikosa shule siku mbili kila juma kwa sababu anakusaidia kazi, mwambie mwalimu ukweli, asitafute ugonjwa ambao haupo. Komite ya wazazi isikutane kwa ajili ya mafranga peke yake. Iombe kwamba mzazi aitwe mwezi wa kumi na moja, wakati bado kuna kitu cha kufanya. Kumwita siku ya biltini ni kumwita kwenye matanga.

Mwezi wa kenda, ukimpeleka mtoto kuandikishwa, muulize direkta swali moja: "Mutoto wangu akishindwa kusoma, mutakaa walimu wangapi juu yake?" Akijibu "mmoja", usikasirike naye. Rudi kesho yake na wazazi wengine kumi, muulize tena pamoja.