"Mbona Bado Inafanya Kazi?"

Katika vikao vya bajeti kuna hoja moja inayoua kila pendekezo la kubadilisha seva kuukuu: "Mbona bado inafanya kazi?" Husemwa kwa utulivu, mara nyingi na mtu mwenye mamlaka ya kuidhinisha malipo, kisha ajenda husogea kwenye ununuzi wa magari. Ninaipinga hoja hii. Ni uzembe wa kiutawala uliovalishwa joho la kubana matumizi.

Seva si trekta. Trekta likichakaa, mwenye shamba huona moshi. Mfumo endeshi uliokoma kuhudumiwa na mtengenezaji hautoi moshi wowote. Unawaka asubuhi kama jana, unatunza mafaili, unatoa risiti. Lakini kila mwanya mpya unaogunduliwa ndani yake hubaki wazi, kwa kuwa hakuna tena anayeandika kiraka cha kuuziba. Tena viraka vya matoleo mapya humwonesha mshambuliaji mahali pa kuchimba katika matoleo ya zamani, maana sehemu kubwa ya msimbo ni ileile.

Tazameni yaliyoikuta Uingereza. Huduma kwa Windows XP ilikoma Aprili 2014. Serikali ikalipa zaidi ya pauni milioni 5 ili ipewe viraka kwa mwaka mmoja zaidi, kisha mkataba haukuhuishwa. Windows Server 2003 ikafuata tarehe 14 Julai 2015. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha mwanya uliokuwamo katika itifaki kongwe ya kushirikishana mafaili, SMB toleo la kwanza, lakini kwa mifumo iliyokuwa bado inahudumiwa. Mwezi mmoja baadaye kundi lililojiita Shadow Brokers likamwaga hadharani EternalBlue, zana ya kuupenya mwanya huo, iliyohusishwa na shirika la ujasusi la Marekani, NSA. (Kwamba dola iliujua ugonjwa ikamficha mganga ni mjadala wa siku nyingine, nao ni mchungu.) Tarehe 12 Mei, WannaCry ikaingia: ikafunga mafaili na kudai dola 300 kwa kila kompyuta. Angalau taasisi 81 kati ya 236 za hospitali za umma nchini England ziliathirika. Maelfu ya miadi ya wagonjwa ilifutwa, na baadhi ya wagonjwa wa dharura wakapelekwa mbali zaidi. Ni siku iliyofuata ndipo Microsoft ilipotoa kiraka cha dharura kwa Server 2003 na XP.

Wapo watakaonikumbusha kwamba kompyuta nyingi zilizoambukizwa huko zilikuwa za Windows 7, iliyokuwa bado inahudumiwa. Ni kweli, na ukweli huo unawahukumu wakubwa zaidi: kiraka kilikuwepo kwa karibu miezi miwili, maonyo yalikuwa yametumwa, na bado hapakuwa na wa kuhakikisha kwamba kimewekwa.

Hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwandama aliyeingia bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa azilinde. Lakini mwananchi aliyekabidhi namba yake ya kitambulisho dirishani atajuaje kama taarifa zake zimelala kwenye mfumo ulioachwa na mtengenezaji? Ninataka kila afisa masuuli aeleze, pamoja na maombi yake ya fedha, umri wa mifumo ya taasisi yake na tarehe ya ukomo wa kila mmoja. Pasipo hivyo, siku ya balaa atatolewa kafara kijana wa TEHAMA, yuleyule aliyeandika dokezo akanyamaziwa.

Msiniambie suluhisho ni programu huria kwa kuwa hazina gharama. CentOS 7 ni huria, na huduma yake ilikoma tarehe 30 Juni 2024. Viraka vya kawaida vya Windows Server 2012 vilikoma tarehe 10 Oktoba 2023. Mtumishi wa umma unayesoma hapa, muulize fundi wako ni ipi kati ya hizo ingali inaunguruma katika chumba cha seva, aliomba lini ibadilishwe, na ombi lake limekwama mezani kwa nani.